Rozari ya Nkambo

Juzi, kwenye matanga huko Kampemba, niliona wachungaji wa makanisa mawili wakinyang'anyana kipaza sauti mbele ya jeneza. Nilikumbuka mchana tuliomzika nkambo, bibi yangu, kule Ruashi.

Jua lilikuwa kali. Nzi walivuma juu ya jeneza lililo wazi, na chini ya moshi wa ubani palikuwa na harufu nyingine.

"Alibatizwa Katolike, ataenda na rozari yake," alisema mjomba.

"Ile ni sanamu!" alifoka pasta wa kanisa la uamsho, alikosali nkambo uzeeni. "Tulimubatiza upya, tulimuzamisha mu mayi. Iko wa kwetu."

Wakaivuta rozari mpaka ikakatika mikononi mwa maiti. Mimi, mtoto bado, nilidhani harufu ile ilitoka vinywani mwao, nikawa naziba pua kila mmoja alipoanza kusema. Leo najua ilikotoka, ila sioni kama nilikosea sana.

Mama akasimama. "Mama yangu anaoza, na mweye munagombana!"

Hawakunyamaza. Basi mama na dada zake wakafunika jeneza, wakalibeba wenyewe bila sala. Wale wawili walitufuata nyuma, wakibishana hadi makaburini.