Msumari wa Karibu na Mlango

Duka la mvinyo na picha lilipofunguliwa katika karakana ya zamani ya treni, mwanamke aliyeajiriwa kuosha glasi aliomba jambo moja kabla hata ya kuuliza mshahara: msumari wa karibu na mlango usitundikwe kitu. Mwenye duka, mtu asiyejua kumkatalia yeyote, aliitikia bila kuuliza sababu. Picha zikatundikwa kwenye misumari mingine yote ya ukuta ule wa matofali, pale mafundi walipokuwa wakitundika makoti. Ule mmoja ukabaki wazi, na chini yake doa jeusi la grisi.

Wateja walimwita Mama Glasi, naye hakuona ubaya. Hawakujua kwamba mume wake alikuwa fundi wa breki humu humu, na msumari ule ulikuwa wake. Enzi zile mafundi walikuwa na desturi yao: koti likiwa msumarini, mwenyewe yuko kazini, msumari ukiwa mtupu, mwenyewe yuko njiani. Mama Glasi akimletea chakula, aliuchungulia ukuta kwanza, akajua kama atamkuta.

Karakana ilipofungwa, mume alipanda injini ya mwisho kuisindikiza huko ilikouzwa. Alitoa koti msumarini, akalivaa, akamwambia mkewe, "Usinipikie leo. Kesho nipo."

Kesho hiyo haijafika mpaka leo. Hakuna salamu, hakuna kaburi. Mama Glasi aliulizia kila mahali hadi watu wakaanza kumkwepa njiani. Ndugu wakamshauri aolewe tena. Akawajibu kwamba ana mume, ila yuko njiani. Wakasema amerukwa na akili. Waache waseme, maana ndugu ni hodari wa kumzika mtu ambaye hawakumwona akifa.

Alimkosa kwa mambo madogo madogo. Mume wake hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alikohoa tu mlangoni. Siku moja mteja alikohoa hivyo hivyo, na glasi ikamponyoka Mama Glasi mkononi.

Basi akaja bwana mmoja wa miwani mikubwa. Alisimama mbele ya msumari, glasi mkononi, kichwa upande, mpaka mvinyo ukapata joto.

"Hii ndiyo kazi pekee humu yenye ukweli," alimwambia mwenye duka. "Upweke ulioje! Msanii ni nani?"

Mama Glasi nusura aangue kicheko. Kisha akasikia, "Nauchukua. Ung'oeni pamoja na matofali yake." Akaacha kuosha.

Mwenye duka alikuna kichwa. Biashara ilikuwa ikichechemea, na hakuna picha iliyouzwa tangu wafungue. Akamsogelea Mama Glasi.

"Mama, ni msumari tu, jamani. Nitakupigilia mwingine, mpya kabisa."

"Mwanangu, huo unatumika."

"Unatumika na nani? Mbona kila siku mtupu?"

Mama Glasi alifuta mikono. Alienda nyuma, akachukua koti lake la baridi ya asubuhi, akaja nalo mbele ya macho ya wote na kulitundika. Bwana wa miwani alilitazama koti, akakohoa kidogo, akaulizia mvinyo mwekundu.

Mama Glasi alirudi kwenye sinki. Mchana kutwa, kila alipoinua macho na kuliona koti ukutani, moyo ulimruka: mwenyewe yuko kazini! Halafu alikumbuka koti ni la nani. Alilia huku akiosha, wala hakujificha.

Jioni alilivaa. Msumari ukabaki mtupu, kama alivyouacha mume wake. Akaugusa.

"Usinipikie leo," aliuambia. "Kesho nipo."

Na kesho yake Mama Glasi akafika.