Raizoni za Mama Generoza

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya viatu, Fundi Mkuu alinipokea mlangoni, akauliza nimebeba nini kikapuni. Nikamwonyesha mkasi, nyundo ndogo na pakiti ya misumari niliyoachiwa na marehemu baba, aliyekuwa fundi viatu Mahenge. Akaitoa ile misumari, akaifunga kwenye karatasi, akanirudishia.

"Hii kaa nayo nyumbani, Blandina," alisema. "Hapa hatupigi msumari. Mtu atachomwa nao kutwa nzima na hatajua."

Ndivyo nilivyoanza kazi Ifakara, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Karakana yetu ilikuwa ndani ya kituo cha watu waliougua ukoma. Wengi walikwisha kupona kwa dawa, lakini ugonjwa ulikuwa umewaachia ganzi miguuni. Mguu wenye ganzi haujui kama kiatu kinabana au kokoto imeingia. Mwenyewe anagundua jioni, anapoona damu. Kwa hiyo viatu vyao tulivishona kwa uzi uliopakwa nta na kuvibandika kwa gundi. Ndani tuliweka mpira laini, ule unaobonyea kwa kidole kisha ukarudi. Kila mtu alichorwa mguu wake kwenye karatasi, halafu Fundi Mkuu akachonga kalibu, yaani umbo la mti lenye sura ya mguu ule ule, na juu ya kalibu hiyo mimi nikashona ngozi.

Nyinyi wa siku hizi mngeshangaa jinsi viatu vilivyomtambulisha mtu. Wakulima na wafugaji waliokuja bondeni na ng'ombe walivaa katambuga za matairi. Kanisani wanaume walivaa moka, viatu vya kutumbukiza visivyo na kamba, na wanawake mchuchumio wenye visigino virefu. Wale waliokuwa vijana miaka ya sabini walizikumbuka raizoni, zenye soli nene kama tofali, zilizovaliwa na suruali za bugaluu zilizofagia barabara. Viatu vyetu vilikuwa vyeusi, vipana, vya mikanda miwili, vyote sura moja. Mtu akikuona navyo sokoni alijua umetoka wapi, na wengine walisogea pembeni.

Mama Generoza alikuwa mkulima wa Mbingu, mmoja wa waliovaa viatu vyetu. Alikuja asubuhi moja ofisini kwa Sista Msimamizi, mkuu wa kituo chetu, nami nilikuwa pale na Fundi Mkuu tukiomba ngozi.

"Shikamoo, Fundi. Sista, nimekuja kukuambia harusi ya binti yangu sitakwenda."

"Kwa nini, mama?"

"Wakwe wanatoka Mahenge, hawanijui. Wakianza kuniangalia miguu, harusi itageuka maswali. Labda uniruhusu nivae mchuchumio, siku moja tu."

Sista aliitazama miguu yake. Alikuwa amemsafisha kidonda kwa mikono yake, kwa sababu Mama Generoza aliwahi kuvaa mchuchumio wa mitumba kwenye kipaimara, na kidonda kile kikachukua masika yote kupona.

"Siku moja ndiyo iliyokutoa kidole, mama," alisema taratibu. "Mchuchumio siruhusu. Lakini harusini utakwenda. Fundi, tufanyeje?"

Fundi Mkuu alikuwa ameshona viatu vya vijana Morogoro enzi za ujana wake. Alikuna kidevu, akasema, "Raizoni. Soli yake ni nene. Mpira wote anaouhitaji nitauficha humo ndani."

"Si zimepitwa na wakati?"

"Sista, pale kwenye mitumba wasichana wameanza kuziokota tena."

Tulizishona kwa ngozi ya rangi ya damu ya mzee, na mshono wa pembeni nikaupiga kwa uzi mweupe. Soli tuliipanga kwa tabaka za mpira mwepesi, mbele tukaipinda juu kidogo ili mguu ubingirike badala ya kukunjika. Siku ya kujaribu, Mama Generoza alitembea hadi mto Lumemo na kurudi. Sista akamvua viatu, akapitisha mgongo wa mkono wake chini ya nyayo. Panapopata joto ndipo panapobanwa, na pale chini ya kidole gumba palikuwa na joto.

"Bado," alisema.

Mama Generoza akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kanga. Harusi ilikuwa Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi Mkuu alizifumua soli zote mbili, tukaanza upya. Kesho yake Mama Generoza alitembea tena, na mguu ukawa na joto moja kote.

"Nenda," Sista alisema. "Cheza kidogo, kaa sana. Blandina ataongozana nawe."

Harusini Mbingu nilikaa karibu naye. Alikuwa amenyooka, kanga mpya begani, na watu walizitazama raizoni kwa macho ya kusifia. Kisha shangazi wa bwana harusi, mama mrefu wa makamo, akaja akasimama mbele yetu, akatazama chini.

"Dada, hizo umezipata wapi? Nilikuwa nazo nilipokuwa msichana. Marehemu mume wangu alinikuta nimezivaa."

Mama Generoza angeweza kusema ni za mitumba, maneno yakaishia hapo. Alimtazama binti yake kwa mbali, kisha akamgeukia yule mama.

"Nimeshonewa kituoni Ifakara. Niliugua ukoma, nikapona. Miguu ina ganzi, ndiyo maana nashonewa."

Redio iliendelea kupiga muziki. Shangazi akainama, akapapasa ule mshono mweupe.

"Wamekushonea vizuri," alisema, akampa mkono. "Haya, mkwe wangu, twende tukamcheze bibi harusi. Ukichoka niambie, tutakaa wote."

Walicheza, wakakaa, wakacheza tena. Jumatatu Sista alikagua nyayo zile na hakukuta hata lengelenge. Fundi Mkuu aliniuliza neno moja tu: "Alicheza?" Nikamjibu alicheza. Akageukia kalibu iliyofuata, akaanza kuchonga.

Tangu hapo wengine nao walianza kuomba rangi na mtindo wautakao, na Sista akakubali, mradi mguu uwe salama. Fundi Mkuu alipostaafu nikashika nafasi yake, mpaka na mimi nikastaafu. Sasa nakaa Mlabani, na macho hayaoni tena tundu la sindano. Nikikumbuka kazi ile, najua viatu tulivishona ili watu wafike kule wanakopendwa.

Mama Generoza hunipitia Jumapili baada ya misa, tunakunywa chai. Wasichana wakimwuliza njiani viatu vyake kashonewa na nani, anawatajia jina langu, kisha bila kupunguza sauti anawaeleza kilichompeleka kwangu.