Niliita Bondeni, Risasi Ikavuka Ng'ambo

Sifa na shukrani ni kwake Mungu aliyeniamsha leo akaniachia pumzi ya kusema haya. Sikustahili, lakini ameniamsha.

Ndugu yangu msomaji, nimekosa. Usinitafutie udhuru, nimeshajitafutia wa kutosha. Mimi ni mzee wa kanisa huku milimani Lushoto, na nimemjeruhi mlamu wangu, mjane wa mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimjeruhi kwa risasi niliyoichagua mwenyewe dukani, huku nacheka!

Kwetu nguruwe pori ni janga. Wakiingia shamba la viazi, asubuhi unakuta mashimo matupu. Kwa miaka mingi niliwapiga kwa gobore la marehemu baba, kwa kibali. Na tuna desturi yetu: kabla ya kufyatua unapaza sauti kuelekea bondeni, "Napiga! Nani yuko chini?" Ukijibiwa, unashusha bunduki. Kukiwa kimya, unaita tena, ndipo unapiga. Kuita ng'ambo, kwenye mlima wa pili, hatukuwahi. Ya nini? Gobore halikuwahi kufika huko.

Magoti yangu yakachoka kuteremka. Nikapata bunduki ya masafa marefu, nayo kwa kibali, nikaenda Tanga kununua risasi zake. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, akaniwekea aina mbili mezani.

"Shikamoo mzee. Hii ncha yake laini. Ikimwingia mnyama inatanuka, mara nyingi inabaki humo humo. Hii nyingine ngumu. Inamtoboa, inaendelea na safari."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo laini inaharibu nyama?"

"Inachana kiasi."

"Basi nipe ngumu. Tena ile inayofika mbali kabisa."

"Mzee wangu! Unataka kumpiga nguruwe wa Mombo, kule chini ya milima, ukiwa umekaa barazani kwako?"

Tukacheka. Mimi nilitaka paja zima, safi, la kupeleka kanisani sikukuu ya mavuno, linadiwe pale nje baada ya ibada, watu waseme mzee katoa. Hilo ndilo nililowaza. Paja! Risasi inakoendelea na safari yake, sikuuliza.

Siku moja alasiri nguruwe akatokea, akasimama kwenye mgongo wa kijilima kilicho katikati ya bonde. Nyuma yake ukungu ulikuwa umeufunika mlima wa pili. Nikaita bondeni, kama tulivyozoea. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikapiga.

Akaanguka pale pale. Nikasema, asante Yesu!

Ndipo nikasikia yowe. Halikutoka bondeni. Lilitoka ng'ambo, ndani ya ukungu.

Mlamu alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Risasi ilimtoboa nguruwe, ikavuka bonde, ikamvunja mkono juu ya kiwiko. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Njiani watu wakalaumu majangili wa msituni. Hakuna aliyekuwa amenisikia nikiita. Na mimi, bega langu likiwa chini ya mti wa ile machela, nikanyamaza! Ee Mungu wangu, nilinyamaza!

Hospitali mkono ukakatwa.

Nikaenda kumwona kama mzee wa kanisa, na Biblia kwapani.

"Shikamoo shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Niombee. Na huyo aliyenipiga mwombee pia. Huenda hata hajui."

Nikaomba! Nilifumba macho nikamwombea "mtu huyo" kwa maneno mazuri, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Hakuna dhambi iliyonichoma maishani kama ile sala. Nilifika mlangoni. Nikarudi.

"Mlamu, mtu huyo ni mimi."



"Uliita?"

"Niliita."

"Uliita wapi?"

"Bondeni."

"Mimi naishi bondeni?"

Akageuzia uso wake ukutani.

Kutoka pale nilikwenda polisi, nikaeleza yote, nikakabidhi bunduki. Kesi ipo. Uzee wa kanisa nimeuacha. Lakini jela siiogopi kama ninavyoogopa kimya chake. Chakula ambacho mke wangu anampelekea kinarudi hakijaguswa. Nikipita njia ya kwake, anaingia ndani. Namwomba Mungu anibakize hadi siku atakaponiita tena shemeji, au hata anilaani. Anilaani tu, nisikie sauti yake! Na kama siku hiyo haipo, nifanye nini? Niambieni, nifanye nini?

Wewe unayemiliki bunduki, sikia. Ukichagua risasi, usiishie kuuliza itamfikia mnyama wa wapi. Uliza itasimama wapi. Umebadilisha bunduki? Badilisha na desturi yako. Kama huoni kilicho nyuma ya mnyama, shusha, mwache ale viazi, utapanda vingine.

Na kama umeshakosa, nakusihi, sema kwanza, ndipo upige magoti. Usimwombee mtu uliyemuumiza huku umejificha nyuma ya sala yako.

Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, Mungu akulinde, ailinde na mikono yako, na kila mtu wako aliyetoka asubuhi jioni hii umsikie akibisha hodi mlangoni kwako. Amina.