Siku Chama Kilipokuja Kuona Amplifaya

Chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu kina wanawake kumi na wawili, na kina sheria moja ambayo hatujawahi kuivunja. Zamu yako ikifika, unanunua kitu cha nyumbani, na kabla ya mwezi kwisha wenzako wanakuja kukiona. Wanakunywa chai, wanakigusa, halafu wanainua mikono. Mkono mmoja ukibaki chini, unakirudisha dukani na kununua kingine. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya waume waliokuwa wakila pesa za zamu za wake zao, na imetusaidia sana. Nimekwenda kuona friji, makochi, tangi la maji, jiko la gesi lenye ovena. Zamu yangu ilipofika, nilinunua amplifaya ya gitaa.

Sikumwambia mtu. Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaani Komarock, nina cherehani mbili kibandani, na shule niliachia darasa la nane. Gitaa nilifundishwa na kaka yangu. Yeye alipiga solo, mimi ridhimu, na kwa miaka mingi tulipiga pamoja kanisani tukitumia amplifaya moja ndogo ya kanisa. Alipofariki, watu walimpa pole mke wake na watoto, na ndivyo inavyofaa. Dada wa marehemu hupewa sufuria za kuosha. Niliziosha. Baada ya mazishi mke wake alinipa gitaa lake, nikaliweka nyuma ya kabati, na huko likakaa miezi mingi bila kuguswa.

Siku moja nilikwenda mjini kutafuta zipu, nikapita mbele ya duka la vyombo vya muziki. Ndani mtu alikuwa akijaribu gitaa. Sauti niliyoisikia ilinisimamisha mlangoni. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayezungumza nawe karibu na sikio, na unasikia pumzi yake. Niliingia nikauliza ni kitu gani hicho. Muuzaji aliigeuza amplifaya nione mgongo wake. Sehemu ya nyuma ilikuwa wazi nusu, na mle ndani vilisimama vichupa vya kioo, kila kimoja na kimwanga chake cha rangi ya chungwa.

"Hizi ndizo tyubu," alisema. "Zile za kawaida hazina. Hii, mama, iko hai."

Aliniambia kwamba ningeweza kuirudisha ndani ya wiki mbili kama haijaharibika. Hilo nililishika vizuri, kwa sababu ya chama.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu tu, hata leso sikuitoa kichwani. Nikachomeka gitaa, nikabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka. Nikagusa nyuzi. Kimya. Nikazungusha kila kitu kinachozunguka. Kimya. Nikampigia muuzaji simu, jasho likinitoka.

"Mama, umewasha swichi ya pili?"

"Kuna ya pili?"

"Ya kwanza ni ya kupasha tyubu moto. Ngoja dakika moja, ndipo uwashe ya pili."

"Kumbe ni kama pasi ya makaa."

"Kama nini?"

"Hakuna kitu. Asante."

Nikangoja dakika yangu. Ile amplifaya ya kanisa ilikuwa imechoka, na ukitaka usikike ilibidi uweke sauti mpaka saba. Mkono wangu ulizoea saba. Nikaweka saba, nikawasha swichi ya pili, nikapiga nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja.

Vikombe viliruka kabatini. Upande wa pili wa ukuta nikasikia mwiko ukigonga, ngo ngo ngo. Na upande wa pili wa ukuta wangu anakaa mwenyekiti wa chama.

"Fundi! Ni transfoma imelipuka?"

"Hapana, mama! Ni mimi!"

"Ni wewe umelipuka?"

Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi yakatoka. Halafu nikashusha sauti hadi mbili na kuanza upya.

Wiki hiyo nilifunga kibanda mapema kila siku. Nilikuwa nikitembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Niligundua kwamba ukiigusa amplifaya ile polepole, sauti inatoka safi kama maji. Ukipiga kwa nguvu, inakwaruza, inalia. Hujageuza kitu, ni vidole vyako tu. Nilifikiri imeharibika, kisha nikakumbuka cherehani yangu ya umeme: mguu ukiwa mzito inakimbia na kuharibu kitambaa, mguu ukiwa mwepesi inashona tundu kwa tundu. Miaka yote nilikuwa nimepiga gitaa kwa mguu mzito, kwa sababu mpiga ridhimu lazima apenye katikati ya ngoma na kinanda. Amplifaya hii haikutaka nguvu zangu. Ilisikia hata kidole kikiteleza. Ilisikia pale niliposita. Kuwa na kitu kinachonisikia hivyo kulinifurahisha mno, na kulinitisha kidogo.

Jumamosi ya chama ikafika. Nilipika chapati na chai ya tangawizi, nikapiga deki, na hapo nikafanya kosa la mtu aliyelelewa katika nyumba zetu. Kwetu kila kitu cha umeme kina kitambaa chake cha kufuma: televisheni, redio, hata maikrowevu. Amplifaya haingekaa uchi mbele ya wageni. Nilikuwa nimeifumia kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau. Nikakitandaza juu, kikaning'inia mbele na nyuma. Nikawasha swichi ya kwanza ili wakifika iwe tayari.

Mwenyekiti aliingia wa kwanza. "Hii ndiyo ile transfoma?"

"Ni friji hii," akasema mwingine. "Haina mlango."

"Wacheni kumcheka. Pengine inakaanga."

Tulikuwa kwenye kikombe cha pili nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Pembe ya kitambaa ilikuwa imeingia kwa ule uwazi wa nyuma ikagusa tyubu, na moshi ulikuwa ukipanda taratibu.

"Ngai! Kinaungua!" Rafiki yangu mmoja, anayekaa mtaa wa Mowlem, akanyakua jagi la maji ya kunawa mikono.

"Usimwage!" Nilijirusha mbele yake, maji yakaniishia kifuani. Nilizima swichi na kuvuta kitambaa. Pembe ilikuwa imeungua na kuwa kahawia. Tyubu zilikuwa nzima.

Hakuna aliyecheka sasa. Mwenyekiti aliweka kikombe chini. "Fundi, friji inahifadhi chakula. Tangi linaweka maji. Hiki kimekaribia kutuchoma. Kinafanya nini hapa nyumbani?"

Yule rafiki wa Mowlem alitaka kuniokoa. "Si atapiga harusini, alete kitu nyumbani? Sivyo, fundi?" Akanikonyeza.

Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini haikuwa kweli.

"Sitapiga harusini," nilisema. "Solo sijui, aliyejua ni kaka yangu. Hakifanyi kitu. Ila tangu tumzike, hiki ndicho kitu cha kwanza kinachonifanya nitake kufika nyumbani."

Mwenyekiti alisema, "Basi tukisikie. Hatuwezi kukataa kitu hatujakisikia."

Nikangoja tyubu zipate moto tena, nguo ikinigandama kwa maji. Nilianza wimbo tunaoimba kila tunapofungua mkutano. Kidole kiliteleza, na amplifaya haikuficha. Wakaanza kuimba, mmoja mmoja, halafu wote. Mwisho wa ubeti kuna nafasi ambapo gitaa la solo hujibu. Ubeti wa kwanza niliiacha tupu. Wa pili nilijaribu, nikakosea, na kosa likatoka kubwa na wazi. Mtu akacheka huku akiimba. Wa tatu niligusa kwa wepesi, solo ikaingia. Haikuwa kama ya kaka. Yake ilikuwa ya haraka, yangu ilichelewa kidogo. Lakini ilijibu.

Mikono ikainuka. Nilihesabu, wa mwenyekiti ulikuwa bado pajani.

"Wajukuu wangu wakifanya kazi ya shule jioni, sitaki kuisikia."

"Hutaisikia, mama."

"Na kila mkutano utaileta. Hatuwezi kuimba hivi leo, kesho turudi kuimba kama tuko foleni."

"Ina uzito wa gunia la viazi, mama."

"Hilo ni lako na Mungu." Akainua mkono.

Mkutano uliofuata ulikuwa Mowlem kwa rafiki yangu, ghorofa ya nne. Tuliipandisha kwa zamu, wawili wawili, mwenyekiti akitangulia ngazini na kupaza sauti, "Pisheni, pisheni, vioo vinapita!" Kwenye ghorofa ya tatu alishika upande mmoja yeye mwenyewe, akalalamika mpaka juu. Mwenyeji alifungua mlango akatukuta tumeegemea ukuta, hatuna pumzi.

"Mmehama?"

"Tumekuja kuimba," mwenyekiti akamwambia. "Tuonyeshe soketi."