Mama Shela achagua prosesa bila wa kubishana naye

Saa nne asubuhi, bwana harusi ameganda. Mkono wake umeshika ncha ya shela, bibi harusi amefumba jicho moja, na wapambe wamebaki midomo wazi. Katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Mama Shela anaachia mausi, anaegemea kiti na kusikiliza feni ya kompyuta ikihema.

"Ukiigusa sasa hivi inazima," anasema. "Iache ipumue."

Kazi yake ni kuhariri video za harusi. Majirani ndio waliombandika jina la Mama Shela, nalo limemkaa. Siku hizi kompyuta ikianza kuchakata video aliyomaliza kuihariri, inaweza kushinda kutwa ikisaga bila kufika popote. Mteja mmoja ameshamhama. Mwingine, mama mzazi wa bibi harusi huyu, anapiga simu kila siku, na kila akipiga sauti yake inazidi kuwa ya upole. Upole huo ndio unaomtisha.

Zamani chumba hiki hakikuwa na kimya kama cha leo. Mama Shela alifanya kazi na mumewe, yeye akikata na kuunga picha, mume akishughulikia sauti. Mume huyo rafiki zake walimwita Wakili. Hakusomea sheria hata siku moja, ila hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja.

Wengine hubishania mpira. Wao walibishania prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kampuni mbili zinazozitengeneza. Wakili alikuwa wa Intel damu damu. Mkewe alikuwa wa AMD, na hakuhama hata kwa kubembelezwa. Walibishana mezani, sokoni, na mara moja kwenye foleni ya hospitali, mpaka nesi akawauliza kama hao Intel na AMD ni ndugu wanaogombea shamba.

"Alikuwa ananiudhi mpaka nacheka," Mama Shela anasema.

Walipoiunda kompyuta hii, Wakili alishinda. Alifunga ubao mama, ule unaobeba prosesa na vifaa vingine vya ndani, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwahidi mkewe kwamba wakibadilisha tena, zamu itakuwa yake. Mwaka juzi moyo wake ulisimama akiwa njiani kwenda kurekodi harusi. Baada ya mazishi, mkewe alikaa akaihariri harusi ileile, iliyorekodiwa na wengine, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Binti yao wa pekee anasomea uuguzi nchi ya mbali. Hupiga simu Jumapili, na mama humwambia mambo ni mazuri tu.

"Nikikata simu ndipo nagundua kwamba, ukiwatoa wateja, sijaongea na mtu tangu Jumapili iliyopita," anasema, huku akiinyoosha kibodi ambayo haikuwa imekaa vibaya.

Mchana anaichomoa kompyuta, anaifunga kwa shuka na kuipeleka kwa fundi, mtaa wa pili.

Fundi ni mtu wa taratibu. Anaikagua, kisha anamweleza kuna njia mbili. Anaweza kuweka Intel nyingine yenye nguvu zaidi, iliyotumika, kwenye ubao uleule. Ni nafuu, na itamsogeza kwa muda. Au ahamie AMD mpya, itakayomfaa miaka mingi, lakini hiyo haiingii kwenye ubao wa Wakili. Itabidi ubao ung'olewe na memori ibadilishwe, na gharama itameza mapato ya harusi mbili.

"Zote mbili zitaifanya kazi yako," fundi anasema. "Hapo ni wewe na moyo wako."

Mama Shela anasema Intel inatosha. Kisha anajikuta anaitetea, hoja moja baada ya nyingine, kwa maneno ya mumewe yaleyale. Anapomaliza anamtazama fundi, akingoja apingwe.

"Sawa mama," fundi anajibu. "Ukitaka hiyo, tunaweka hiyo."

Machozi yanamlenga. Fundi anainama chini ya meza kutafuta skrubu ambayo haijaanguka.

"Hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia nimekosea," Mama Shela anasema polepole.

Hapo ndipo anapobadili uamuzi. Baadaye anaeleza kwamba kuichukua Intel kwa ajili ya marehemu kungekuwa kumhurumia.

"Angeninunia. Wakili hakupenda ushindi wa mezani. Zamu aliniahidi, nimeichukua."

Anachagua AMD. Kabla fundi hajaugusa ubao, anaomba bisibisi, anafungua skrubu mwenyewe na kuutoa ubao pamoja na vumbi lake. Fundi anamuuliza kama autie kwenye boksi la chakavu. Mama Shela anaufuta kwa upindo wa shuka na kuuweka kwenye mkoba.

Siku ya pili, kazi iliyokuwa ikisaga kutwa inakamilika kabla hajamaliza kufagia chumba. Mama Shela anageuka, fagio mkononi, tayari kusema, "Umeona?" Chumbani hamna mtu. Anamalizia kufagia.

Kisha anazungumzia mpango wake. Amemwomba fundi amtafutie mtu wa sauti, wa kukaa naye humu na kugawana kazi. Fundi ameshampendekeza kijana mmoja mtulivu, anayekubali kila analoambiwa. Mama Shela amemkataa.

"Sitaki wa ndiyo mama, ndiyo mama," anasema. "Akitaka awe wa Intel. Ila aje anajua kujitetea."