Saba Ndani ya Tisa

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ilipanda kutoka kiwandani hadi nyumbani kwetu Mukurweini, ikaingia mpaka kwenye blanketi la dada yangu Nyambura. Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru, msimu wa kuchuma, na kila mwenye mikono alikuwa shambani. Nyambura alilala tu. Kifua kilikuwa kimembana tangu mvua zianze. Cucu, mama yake baba, alimkanda mgongo akimwambia kwamba tisa ni namba iliyojaa, namba ya baraka, na aliyezungukwa na tisa hafikiwi na baya. Saba ndiyo aliyoiogopa. Hata mbuzi wake walipofika saba, alisema ana sita na mwenzao.

Basi Nyambura akaniomba nimwandikie tisa ukutani, juu ya kitanda. Nilichukua kipande cha mkaa nikaziandika kwa mstari mmoja, kutoka kwenye nguzo hadi dirishani. Zilitoshea sita: 999999. Akawa analala vizuri, uso ameuelekeza ukutani.

Mimi nilikuwa darasa la saba, nimetoka kufundishwa kugawanya namba ndefu, na nilitafuta pa kujionyesha. Jioni moja niliigawanya ile namba kwa saba, nikapata 142857, bila baki. Nikazidisha jibu hilo kwa mbili, kisha kwa tatu, na tarakimu zilezile zikarudi, zimesogea mahali tu, kama watoto wanaocheza duarani. Nilicheka peke yangu. Nikaenda kumwambia.

“Hizo tisa zako zimeficha saba ndani.”

“Wapi? Mbona siioni?”

“Ukigawanya, inaingia yote. Haibaki hata punje.”

Alivuta pumzi kwa shida. “Basi futa moja.”

“Ati futa! Unadhani saba ni inzi, utaifukuza kwa kidole?”

“Futa tu, Kariuki. Ile ya mwisho.”

Sikufuta. Nilimwambia hesabu haijali hofu za Cucu. Tangu siku hiyo aligeuka, akawa analala akitazama mlango. Alituacha kabla kahawa haijaisha mitini.

Nilikuwa kidato cha pili nilipojaribu 99999. Saba haikuingia, ilibaki nne. Nikaongeza mbili, zikawa tisa saba mfululizo, 9999999. Ikabaki mbili. Niliweka kalamu chini, na mwalimu akaniuliza kama naumwa. Kufuta moja kungetosha. Hesabu niliyojivunia ilikuwa upande wa Nyambura, nami sikuwa nimeifikisha mwisho.

Leo nyumba ni ya mawe, mikahawa mingi imeng’olewa, na harufu ile haipandi tena, ingawa huwa naisikia mvua zikianza. Juzi nilimwomba mjukuu wangu, naye anaitwa Nyambura, anifungulie kikokotoo kwenye simu yake. Nikaandika zile tisa zote sita. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nikakibonyeza mara moja.

“Guka, umefuta moja,” akasema.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Iache hivyo.”