Safu ya Kazi Niliyoifuta Daftarini

Siku yangu ya kwanza kama karani wa tawi la chama tawala, mapema miaka ya sabini, mwenyekiti wetu wa kwanza, fundi wa vyuma, alinikabidhi daftari la wanachama na rula. "Andika kazi ya mtu kwanza, jina lifuate," akasema. "Hiki ni chama cha watu wa kazi."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, huku Eastlands, Nairobi. Jumapili baada ya kanisa walikuja washonaji, maseremala, wapagazi na watu wa viwandani. Wa nne kuandikwa alikuwa Mama Nafula, muuza mboga kutoka magharibi. Mikutano ilihusu kodi za nyumba, maji na mishahara, na yeye ndiye aliyeuliza maswali magumu kuliko wote.

Kisha akaja mwenyekiti wa pili, mwenye ploti za kupangisha Kayole. Habari za kodi zikakoma kutajwa. Katikati ya miaka ya themanini aliniletea daftari jipya.

"Chora upya. Safu ya kazi toa, weka wilaya ya nyumbani."

"Kwa nini, mzee?"

"Seremala hanipi kura, karani. Mtu wa kwetu hunipa."

Nikachora. Vijana wa leo hudhani ukabila katika siasa ulinyesha tu kama mvua, na hilo hunikasirisha. Ulichorwa kwa rula, na sisi tulioshika rula tulijua tunachofanya.

Uchaguzi wa tawi ulipofika, Mama Nafula aligombea uenyekiti. Ulikuwa wakati wa mlolongo: hakuna karatasi za kura, wapiga kura husimama nyuma ya mtu wao, na karani hupita akimgusa kila mmoja begani huku akihesabu kwa sauti. Mstari wa Mama Nafula ulizunguka soko lote. Wa mwenyekiti uliishia hapo karibu tu, kwa muuza makaa.

Mwenyekiti akaniita ndani, akafungua daftari langu. "Soma wilaya. Wengi wa watu wake ni wageni hapa. Watoe kwenye hesabu."

"Mzee, wote wana kadi."

"Kwani wewe kazi hutaki?"

Nilikuwa na watoto shuleni. Hiyo ni sababu, wala si udhuru. Nikawatoa, nikatia sahihi, nikatoka kumtangaza mwenyekiti mshindi.

Mama Nafula hakupiga kelele. "Karani, hawa watu si umewashika mabega mmoja mmoja?"

"Nimewashika, mama."

"Basi mikono yako inajua."

Akaweka kadi yake mezani, akarudi kwa sukuma wiki zake. Hakukanyaga tena ofisini. Baadaye vyama vingi viliporuhusiwa, majirani waliokuwa wakilalamikia kodi ile ile waligawanyika, kila mmoja akafuata chama cha kwao. Mama Nafula alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwomba msamaha.

Nimestaafu sasa, na hasira haijastaafu. Namkasirikia mwenyekiti, najikasirikia mimi zaidi. Juzi binti mmoja wa chama kipya alibisha mlangoni akiandikisha wanachama.

"Shikamoo mzee. Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Andika karani," nikamwambia.

Akatazama fomu yake juu hadi chini. "Mzee, kazi haina mahali hapa."

"Najua," nikasema. "Mimi ndiye niliyeifuta."